R ya Ruiru

Wiki jana niliwaacha nikiwa nimekaa kwenye usukani wa gari ambalo si langu, mlango umefungwa, injini imezimwa, nikijifunza kutofautisha klachi na breki kwa vidole vya miguu. Wengine mmesema nimerukwa na akili. Ni kweli, lakini ngojeni kwanza, maana hapo nilikuwa bado sijawasha gari.

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana lilifungia nyama kabla hawajalisoma: mimi ni Nelima, mtoto wa Bungoma, ninapakia juisi katika kiwanda kimoja huko Thika. Naishi Gitothua, Ruiru, na mwanaume anayeitwa Kahiga. Tuna binti, Lynn, ndiyo maana mtaa mzima wananiita Mama Lynn. Tumeishi come-we-stay, bila harusi wala mahari, tangu kabla Lynn hajazaliwa. Kwa mama yake Kahiga mimi si mke, ni "kale kasichana ka Kahiga". Kwa baba yangu, Kahiga si mkwe, ni "yule kijana aliyekuazima".

Na Papa hapendi neno kuazima. Papa hata jembe lake haazimi. Kila Krismasi hunipigia simu na ujumbe uleule: "Mwambie huyo kijana ng'ombe nimechoka kuchunga. Siku akikuja, akuje na kitu kinakula tu kikitembea." Mimi hucheka na kubadilisha mada.

Basi Kahiga akasema anaenda Nakuru kikazi. Akavaa suti, ile anayovaa kwenye harusi za watu, akapanda basi, akaacha Vitz yake ya buluu uani. Hakusema nisiiguse. Kusema kweli, hakusema niiguse pia.

Mtihani wangu wa udereva ulikuwa Jumatatu, kule Thika, na Kahiga hakujua hata kwamba najifunza. Nilitaka siku moja nimpokee stendi, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nje ya dirisha, nimwambie, "Panda twende, bwana." Nilitaka aone kwamba kasichana kake kamekua. Hiyo tu ndiyo ilikuwa dhambi yangu, na tazameni ilikonifikisha.

Msidhani niliingia barabarani bila kuuliza. Nilimpigia Kivuva, wakala aliyetuuzia bima ya gari. Kivuva ni mtu wa Machakos, mpole, anaongea polepole mpaka unatamani umsaidie kumaliza sentensi.

"Mama Lynn, learner anaweza kuwa covered," akaniambia. "Lakini skiza vizuri. Lazima uwe na ile leseni ya muda ya wanafunzi. Kando yako akae mtu ako na leseni kamili, si mtu wa kukupigia story. L nyekundu, mbele na nyuma. Halafu mwenye gari awe amekuruhusu."

"Na nikigonga kitu?"

"Learner akigonga, excess inapanda. Yaani ile sehemu ya hasara mnabeba nyinyi wenyewe kabla kampuni itoe yake. Itakuwa kubwa kuliko kama Kahiga ndiye amegonga."

"Hiyo ya kuruhusiwa," nikasema, nikijifanya sijali, "lazima aandike mahali?"

"Inategemea wewe ni nani yake. Kwa hii cover yenu, bibi ama bwana ya mwenye gari tunamhesabu ameruhusiwa. Hatuulizi. Mtu mwingine yeyote, hata akiwa ndugu, hata akiwa best friend, lazima mwenye gari aseme na mdomo wake nilimpatia. Sasa wewe si ni bibi yake?"

Neno dogo hivyo, na lilinitoa jasho.

"Eeh," nikasema. "Mimi ni bibi yake."

"Basi uko sawa. Endesha pole pole."

Nikakata simu nikiwa nimevimba kichwa. Watu wa bima wamenihesabu mke! Mama yake Kahiga alikuwa hajanihesabu, kanisa lilikuwa halijanihesabu, lakini kampuni nzima ya bima, yenye ghorofa na lifti, ilisema Nelima ni mke wa mtu. Nilifunga maboksi ya juisi siku hiyo huku naimba.

Zikabaki L.

Kuna fundi wa kuandika mabango karibu na soko la Ruiru, anaitwa Kagwe. Bucha zote unazoziona zimechorwa ng'ombe anayetabasamu, ni mkono wake. Nilimpigia nikiwa kazini, mashine zinanguruma, supavaiza ananiangalia kwa jicho moja.

"Kagwe, nitengenezee zile herufi za learner. Mbili, nyekundu, kwa bati. Ukimaliza kuja uzifunge kwa gari na waya, iko hapo uani."

"Sawa, Mama Rynn. Sasa hebu niambie, ni ya Rimuru ama ni ya Ruiru?"

Mimi nikashangaa. Huyu fundi wa mabango anataka kujua ninaenda wapi na gari ili iweje? Nikafikiri labda siku hizi learner wa Limuru ana alama yake na wa Ruiru yake. Serikali hii haikosi mambo.

"Ya Ruiru!" nikapiga kelele juu ya mashine. "Limuru nitaenda kufanya nini?"

"Una uhakika ni ya Ruiru?"

"Kagwe, mimi naishi wapi?"

"Haya basi, ya Ruiru. Ni wewe mwenye kazi."

Jumamosi asubuhi rafiki yangu Auma akaja. Auma ana saluni mtaa wa pili, na ana leseni kamili tangu enzi za marehemu mumewe. Ndiye aliyetakiwa kukaa kando yangu. Nilimsikia akicheka kabla sijatoka nje ya mlango, akiniita binti wa Bungoma kwa Kijaluo.

"Yawa! Nyar Bungoma, hebu kuja uone kitu."

Nikatoka. Kagwe alikuwa amekuja Ijumaa mchana nikiwa kazini, nami nilirudi gizani. Mbele ya gari, imefungwa kwa waya imara, kulikuwa na R. Nyekundu, kubwa, ina kivuli cheusi upande mmoja kama zile za bucha. Nikazunguka nyuma mbio. R nyingine.

Nikasimama pale na nikaelewa. L ya Limuru ama R ya Ruiru. Kwa ulimi wa Kagwe zote mbili hutoka R. Mtu alikuwa ananiuliza herufi, mimi namjibu barabara.

Nilimpigia Kagwe. Simu imezimwa. Kagwe ni Msabato, na Jumamosi hata ukimwambia duka linaungua atakwambia lingoje jua litue.

"Tufute hiki kitumbo cha juu na huu mguu," Auma akasema. "Tuongeze laini hapa chini, inakuwa L."

Tulisugua kwa mafuta ya taa mpaka mikono ikanuka kama jiko. Rangi haikutoka hata tone. Kagwe ni fundi, hilo mpeni.

"Auma, Kivuva alisema L."

"Na hii ni nini? Si ni nyekundu? Si iko mbele na nyuma? Askari akiona nyekundu anajua ni learner. Hakuna mtu husoma. Wewe Jumatatu uko na mtihani na hill start yako, ile ya kuondokea mlimani, bado ni ya kuombewa. Ingia tuende."

Nikaingia. Mnisamehe, lakini nyinyi mngefanya nini?

Tulikubaliana tupite njia za ndani, Murera mpaka Theta, ambako magari ni machache, halafu tutokee Thika nikaone uwanja wa mtihani. Asubuhi ilikuwa nzuri. Gia ya kwanza iliingia bila kulia. Ya pili ikaingia. Auma akapiga makofi. Nilipofika Murera nilikuwa nimeanza kupiga mluzi.

Kwenye njia panda moja kulikuwa na magari mengi yameegeshwa kando, yamefungwa riboni nyeupe kwenye vioo. Wanaume wenye suti, wanawake wenye vitenge vya sare moja. Mwanaume mmoja mwenye kofia akaona gari letu, akaanza kurusha mikono.

"Ndiyo hii! Ndiyo hii imefika! Ingieni magari!"

"Anasema nini?" nikamuuliza Auma.

"Sijui. Usimwangalie. Angalia barabara."

Nikapita. Kwenye kioo nikaona Prado nyeupe inaingia barabarani nyuma yangu. Nyuma yake gari lingine. Na lingine. Wakaanza kupiga honi.

"Auma, nimewazibia njia!"

"Ni speed yako hiyo. Ngoja niwaambie wapite." Akatoa mkono nje, akawapungia wapite. Hakupita hata mmoja. "Mama Lynn, hawa watu nao wananipungia."

Nikaongeza mwendo, nao wakaongeza. Nikapunguza, nao wakapunguza, kwa heshima kabisa. Halafu kutoka magari ya nyuma tukasikia ngemi, vile vigelegele vya akina mama wa Kikuyu, vinapanda na kushuka. Watoto wakatoka mageti kutupungia. Mzee mmoja aliyekuwa anapalilia mahindi akavua kofia.

"Auma, hawa watu wananishangilia."

"Naona."

"Kwa sababu ya kuendesha?"

"Labda ni kanisa fulani," Auma akasema, na hapo akaanza kucheka, na mimi nikaanza, na gari likaanza kuyumba, na ngemi zikazidi.

Niwaambie ukweli, nilifurahi. Sijawahi kushangiliwa maishani. Mimi ambaye sikuwahi kupelekwa popote kwa msafara, wala kuimbiwa, wala kuvalishwa leso mabegani, nilikuwa natembea mbele ya magari yote hayo na barabara nzima inapiga kelele. Nikanyoosha mgongo. Nikashusha kioo. Nikapunga mkono, jamani. Nilipunga!

Halafu akili ikarudi, na nikataka kuwatoroka. Nikakata kushoto kwenye kijia cha murram, kisicho na lami. Wote wakakata kushoto. Nikakata kulia pale Theta, kijia chembamba zaidi, kina michongoma huku na huku. Wote nyuma yangu, Prado ikiongoza. Na mbele yetu kijia kikaanza kupanda.

Kakilima kenyewe kalikuwa kadogo. Ningefika juu. Lakini nusu ya njia akatokea mama anavukisha kondoo wake, na kondoo mmoja akaamua kulala.

Nikasimama.

"Handbrake," Auma akasema.

"Nimeweka."

"Sasa toa pole pole, klachi nusu, mafuta kidogo. Ile ya Jumatatu. Unaweza."

Kondoo akaamka. Mimi nikatoa handbrake kwanza, klachi baadaye, mafuta sikuyakumbuka kabisa. Gari likatulia kidogo, likafikiria, halafu likaanza kurudi nyuma.

"Breki! Nelima, breki!"

Nikakanyaga klachi kwa miguu yote miwili.

Paa!

Ngemi zikakatika zote kwa pamoja.

Kutoka kwenye Prado akashuka mzee mrefu, suti ya kijivu, fimbo mkononi. Mbele ya suti yake palikuwa pamelowa kuanzia kifuani mpaka magotini, na harufu ya muratina, pombe ya kienyeji, ikatufikia kabla yake. Mkononi alishika kipande cha kibuyu.

Nikashuka. Buti la Vitz lilikuwa limekunjika ndani. Bampa la Prado lilikuwa linaning'inia upande mmoja. Na kwenye vurugu lote hilo, R ya nyuma haikuwa na mkwaruzo.

"Msichana," mzee akasema, "kwani kwa kina bibi-arusi ni kwa kurudi nyuma?"

"Bibi-arusi gani, mzee?"

"Si wewe ndio unatuongoza? Tuliambiwa tungoje Murera, gari ya kutuonyesha njia itakuja na R mbele. R ya ruracio. Tumekufuata kutoka huko!"

Ruracio! Watu wote hao walikuwa wanapeleka mahari, wanakwenda kwa wazazi wa msichana, na mimi nimewaongoza mpaka kwa kondoo wa watu.

"Mzee, hii R si ya ruracio," nikasema. "Ni ya learner."

Akalitazama lile bati. Akanitazama mimi.

"Learner inaanza na R?"

Naapa kwamba hata alitamka L safi kabisa, kama mtangazaji wa redio.

"Ni fundi alisikia vibaya," nikasema. "Ama ni mimi. Niko na bima, mzee. Tereva wa kari..." Nikibabaika, ulimi wa Bungoma hunigeuzia "dereva wa gari" hivyo.

"Tereva wa kari!" akaruka, na watu wote nyuma yake wakaangua kicheko. "Huyu anasema 'kari' na anataka kututeta juu ya R! Haiya! Mimi ni Waweru, ndiye msemaji wa hii familia, na sasa nitaenda kwa watu kuomba msichana nikinuka pombe nje na ndani ikiwa kavu. Bima ni gani? Pigia huyo mtu. Weka loudspeaker."

Nikampigia Kivuva. Watu wakatuzunguka, vitenge kwa suti, wote wametega masikio. Kondoo naye alirudi.

"Kwanza kuna mtu ameumia?" Kivuva akauliza.

"Hapana. Kibuyu tu."

"Tunashukuru. Leseni ya muda unayo?"

"Ninayo."

"Kando yako kulikuwa na mwenye leseni?"

"Mimi hapa, Auma. Kamili."

"L mbele na nyuma?"

"Kuna herufi. Nyekundu. Mbele na nyuma."

"Ni R!" akina mama wakapiga kelele kwa sauti moja.

"Hiyo mnitumie picha," Kivuva akasema. "Nitawaeleza wakubwa kwamba ulikuwa na nia. Kitu kubwa ni hii ingine. Ruhusa. Uliniambia wewe ni bibi ya Kahiga. Sasa kuna hasara ya gari ya mtu mwingine, lazima nisikie kutoka kwake mwenyewe. Ngoja nimuunganishe."

Kahiga hajui najifunza. Hajui nimechukua gari. Na sasa ataulizwa, mbele ya watu waliobeba mahari ya msichana mwingine, kama mimi ni mke wake. Akisema hapana, mimi ni mtu tu aliyechukua gari la mtu, Prado ni juu yangu, Vitz ni juu yangu. Lakini si hilo lililoniogopesha. Ni kwamba hatimaye ningejua.

Simu ikaita. Kahiga akapokea kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani.

"Kivuva, niko na wazee. Sema haraka."

"Pole, boss. Gari yako imegongana huku Theta. Iligonga ya watu ikirudi nyuma. Aliyekuwa anaendesha ni mama anaitwa Nelima. Nataka unijibu vitu mbili. Huyo ni nani yako? Na ulimruhusu?"

Kabla hajajibu nilisikia kuku. Nikasikia mtu anacheka, mwanamke, kicheko kinachoanza juu na kushuka kwa ngazi. Nikashtuka. Kicheko hicho nimekisikia tangu tumboni. Mayi, mama yangu mzazi, anafanya nini Nakuru?

"Nelima?" Kahiga akasema. "Nelima anaendesha gari? Nelima mwenyewe?"

"Jibu swali, kijana!" Mzee Waweru akanguruma. "Ni nani yako?"

"Huyo ni nani anaongea?"

"Ni mwenye bampa! Jibu!"

Nikafunga macho. Auma akanishika mkono akaufinya.

"Ni bibi yangu," Kahiga akasema. Kisha akapandisha sauti, mpaka kuku wakanyamaza. "Nelima ni bibi yangu. Gari nimemruhusu. Hata kama sikujua, nimemruhusu. Ako sawa? Hajaumia?"

Nilikuwa nalia, nacheka, pua inatoka. Akina mama wakapiga ngemi mpaka kondoo akakimbia. Mmoja akavua leso yake akanifunga mabegani, sijui hata jina lake.

Lakini Mzee Waweru hakuwa mtu wa kuachia hapo.

"Umesema bibi," akasema kwenye simu. "Vizuri. Sasa mimi nikiwa mzee wa ruracio, na suti imelowa, nina haki ya kukuuliza. Wewe ulipeleka mahari kwao lini?"

"Ni leo, mzee," Kahiga akasema. "Ndiyo tunafanya sasa hivi. Niko Bungoma. Niko kwa baba yake."

Suti! Nakuru! Niliketi chini kwenye murram na leso ya watu mabegani. Sijui ngemi zilipigwa ngapi. Auma alikuwa anacheza peke yake katikati ya barabara. Hata Mzee Waweru alinyanyua kipande cha kibuyu juu akasema bibi-arusi wao anaweza kungoja kidogo, hapa pia kuna kazi inaendelea.

"Basi tumemaliza," Kivuva akasema, na hata yeye sauti ilikuwa na tabasamu. "Mke amehesabiwa, mwenye gari ameruhusu. Excess mtalipa, R nitaipigania. Boss, swali la mwisho, hii huwa nauliza kila mtu. Gari bado ni yako, si ndiyo?"

Kahiga akakohoa, akakohoa tena.

"Kahiga?" nikaita.

"Kivuva," akasema polepole, "mpaka wakati wa chai ilikuwa yangu."

"Sijaelewa."

"Mzee alikataa ng'ombe. Akasema anataka kitu kinakula tu kikitembea. Nilikuwa nimekuja na logbook, ile hati ya Vitz, nikaisaini, nikamwekea mkononi mbele ya mashahidi. Tulikuwa sasa tunangoja chakula."

Kivuva akapumua kwenye simu, polepole kama anavyofanya mambo yote.

"Boss, bima haihami na gari. Inamfuata mwenyewe. Kama umeipeana, ile cover yako imebaki hewani. Hata tukitafuta njia, ruhusa yako si ruhusa tena. Tutahitaji ya mwenye gari."

"Lakini mimi ni mke!" nikalia. "Ulisema mke anahesabika!"

"Mke ya mwenye gari, Mama Lynn. Sasa wewe si mke ya mwenye gari. Wewe ni msichana yake. Hao hatuhesabu bila kuuliza."

Nimekuwa mke wa mtu mbele ya mashahidi, jamani, na asubuhi hiyohiyo mume wangu hana gari. Nilitazama buti la Vitz lililokunjika, mahari ya Papa, kitu pekee alichowahi kuomba. Kisha nikasikia huko Bungoma kiti kinasukumwa, fimbo inagonga sakafu, na simu inabadilisha mikono. Papa hajui loudspeaker. Papa huongea na simu kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto.

"Haloo! Nasikia kuna mtu huko Ruiru ameazima kari yangu. Ni nani huyo?"

Watu wote pale kilimani wakageuka kunitazama.

"Haloo! Nimeuliza ni nani!"